Anselmi Alinoa Meno ya Sproketi

"Ile kona inakula cheni."

Asteria aliisikia habari hiyo Jumatatu asubuhi, bombani, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mashamba ya kijiji cha Yakobi. Aliyeisema ni Consolata, jirani yake. Consolata hupeleka maziwa mjini Njombe kila siku. Kila siku hurudi na habari nyingi kuliko maziwa aliyopeleka.

"Kona gani?" Asteria aliuliza.

"Ya Mikaratusi, dada. Njia ya Makambako. Mwezi huu peke yake, pikipiki tatu! Zinapanda mlima vizuri tu. Zikifika pale, pa! Cheni imekatika. Wanasema barabara ilipita juu ya kaburi la mtu ambaye hakuagwa. Sasa anadai."

"Marehemu na cheni wapi na wapi?"

"Mimi nitajuaje? Kamuulize mwenyewe." Consolata alicheka, akajitwisha ndoo. "Ila vijana wa bodaboda sasa wanasimama pale, wanamwaga ulanzi kidogo, pombe ya mianzi, ndipo wanapita. Na mzee wako pia anamwaga. Hajakwambia?"

Mumewe hakuwa amemwambia.

Asteria alirudi nyumbani na ndoo yake. Maji yalimwagika begani, hakuyasikia. Ijumaa shule zinafungwa. Binti yake, Jackline, yuko kidato cha pili, anakaa bweni huko Kidugala. Ijumaa hiyo baba yake, Anselmi, angekwenda kumchukua kwa pikipiki. Njia ni ile ile. Wangepita pale kona, baba mbele, mtoto nyuma, na sanduku la bati limefungwa kwa kamba za mpira.

Siku nzima habari ile haikumtoka. Alikaa jikoni anapukuchua maharage. Moto ulikuwa mdogo, moshi ulikuwa mwingi. Macho yake yalikuwa wazi, lakini hayakuwa pale. Aliona mikaratusi mirefu imesimama kwenye ukungu, myeupe kama watu waliovaa kanzu. Aliona cheni ikivuka barabara polepole, bila haraka, kama nyoka anayerudi kwake. Akaona kiatu kimoja cha shule kimelala kwenye lami.

Maharage yakamwagika chini. Asteria akashtuka, akaanza kuyaokota moja moja.

*

Anselmi zamani alikuwa mpasua mbao. Miaka kumi na miwili alipasua misonobari kwenye misitu ya huku kwetu, yeye na mwenzake, mmoja juu ya gogo na mmoja chini. Alijulikana kwa jambo moja. Hakuna mtu aliyejua kunoa meno ya msumeno kama yeye. Watu walileta misumeno kutoka hata Lupembe. Mgongo ulipomchosha, alinunua pikipiki, akaanza kubeba abiria na mizigo. Lakini tupa yake ya kunolea hakuiuza. Aliifunga kwenye kitambaa, akaiweka chini ya kiti cha pikipiki.

Jioni ile alipofika, Asteria aliisikia pikipiki kabla hajaiona. Ka-ka-ka-ka. Cheni ilikuwa inapigapiga bati.

"Baba Jackline, hiyo cheni inalia."

"Imelegea kidogo."

"Wiki iliyopita pia ulisema imelegea kidogo."

"Na nikaikaza. Sasa imelegea tena. Ni cheni hiyo, mama, si ukuta."

"Unamwaga ulanzi pale kona?"

Anselmi alivua kofia ngumu taratibu. Alitazama pembeni. "Nani kakwambia?"

"Unamwaga, humwagi?"

"Tone tu," alisema. "Tone haliumizi mtu. Halafu sikiliza, usiwe na wasiwasi. Kesho napeleka abiria Makambako. Nitanunua cheni mpya. Na ile sproketi ya mbele nimeshaitengeneza mwenyewe. Meno yalikuwa yanateleza, nikayanoa kwa tupa. Yamekuwa makali hayo! Ukigusa unajikata."

Asteria hakujua sproketi ni nini hasa. Alijua ni gurudumu dogo la chuma lenye meno, linalozungusha cheni. Na mume wake alijua meno. Kwa hiyo alinyamaza. Lakini moyo wake haukunyamaza.

*

Jumatano mchana cheni mpya ilikuwa mezani, ndani ya boksi lake. Anselmi alitandika gunia uani, akasimamisha pikipiki kwa stendi kubwa. Gurudumu la nyuma likawa hewani.

"Tusafishe kwanza," alisema. "Siwezi kufunga kitu kipya juu ya uchafu."

Akawasha injini. Akaingiza gia. Gurudumu likaanza kuzunguka, na cheni ya zamani ikazunguka nalo, nyeusi kwa oili chafu na vumbi jekundu. Anselmi akachukua kipande cha kitenge, akakishika juu ya cheni inayokimbia ili ijifute yenyewe.

"Ndivyo inavyofanywa?" Asteria aliuliza.

"Wote tunafanya hivi. Dakika mbili imeisha."

Dakika mbili hazikufika. Asteria aliona kitenge kikivutwa. Hakikuvutwa kwa nguvu. Kilikwenda laini, kama mtu anayevuta shuka usingizini. Mkono wa Anselmi ukakifuata. Ndipo Asteria aliporuka, akazungusha ufunguo. Injini ikazima.

Kuku mmoja alilia mara moja.

Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kilikuwa kinatoka damu. Kucha ilikuwa imening'inia. Kidole chenyewe kilikuwepo. Anselmi alikitazama kama kitu cha mtu mwingine.

"Kipo," alisema.

"Kipo," Asteria alisema.

Alikiosha kidole kwa maji safi na sabuni, akakifunga kwa kitambaa safi. Kisha walikwenda zahanati kwa miguu. Mganga alisafisha kidonda, akamchoma sindano ya kuzuia pepopunda.

"Una bahati wewe," mganga alimwambia. "Mwaka huu umekuwa mtu wa nne. Wale watatu walikuja na vidole kwenye mfuko wa plastiki."

Wakaanza kurudi nyumbani. Walipofika karibu na shule ya msingi, Asteria alisimama.

"Nampigia Zipora."

"Mama Mifugo? Huyo ni wa nguruwe!"

"Ni wa nguruwe, lakini ana pikipiki miaka tisa. Anafika vijiji vyote, kiangazi na masika. Umewahi kumuona anaisukuma?"

Anselmi alifikiri. "Sijawahi," alikubali.

*

Zipora, afisa mifugo wa kata, alifika Alhamisi asubuhi. Alivaa buti za mpira na sweta mbili. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, kwa sababu kazi yake ni kuongea nguruwe wakiwa wanapiga kelele.

"Kamwene!" alisalimia kwa lugha ya huku kwetu.

"Kamwene, mtaalamu. Karibu."

"Mgonjwa yuko wapi? Huyu mwenye kitambaa, au yule mwenye magurudumu?"

"Wote wawili," Asteria alisema.

Zipora alichuchumaa nyuma ya pikipiki. Ufunguo alishautoa na kuuweka mfukoni mwake. Alishika cheni pale inapozunguka sproketi kubwa ya nyuma, akaivuta kuelekea kwake. Cheni ikaachana na meno. Kati yake na sproketi ungeweza kupitisha penseli.

"Mama Jackline, njoo uone. Cheni isiyochakaa hukumbatia meno. Ukiivuta haitoki. Hii ukiivuta unaona zaidi ya nusu ya jino. Imerefuka. Ukifika hapo, kukaza hakusaidii tena."

"Nilishasema nanunua mpya, na nimenunua," Anselmi alisema kutoka kwenye kigoda.

"Umefanya vizuri, shemeji. Na sproketi ya mbele umenunua?"

"Hiyo nzima. Nimeinoa."

Zipora aligeuka polepole. "Umefanya nini?"

"Nimeinoa. Kwa tupa. Kila jino."

Zipora alimwonyesha Asteria kifuniko cha bati upande wa kushoto wa injini. Kabla ya kukifungua, alichukua chaki akaweka alama mahali kikanyagio cha gia kinapokaa, ili kirudi pale pale. Wakakitoa kikanyagio, wakafungua kifuniko. Ndani kulikuwa na tope gumu la oili na vumbi. Walilikwangua kwa kijiti. Sproketi ikaonekana. Meno yake yalikuwa yamechongoka, membamba, yameinama upande mmoja. Yaling'aa.

"Yesu wangu," Zipora alisema. "Kazi nzuri sana. Naona mkono wa fundi."

Anselmi alitabasamu.

"Umetengeneza msumeno, shemeji."

Tabasamu likaondoka.

"Msumeno kazi yake ni kukata," Zipora aliendelea, sasa kwa upole. "Meno yawe makali, ndiyo. Lakini jino hili halikati, linashika. Jino la sproketi linatakiwa liwe pana, na katikati ya jino na jino pawe na kibonde cha duara, cheni ikae kama yai kwenye kiota. Likichongoka, cheni inalipanda. Inaruka. Siku moja inaruka ukiwa kwenye mlima, una mzigo, umeingiza gia ndogo, injini inavuta kwa nguvu zote. Ndipo inapokatika."

"Pale Kona ya Mikaratusi," Asteria alisema taratibu.

"Pale, au mlima mwingine wowote. Mama, nimepita pale zaidi ya mara mia. Ule ni mlima mrefu kuliko yote njia hii. Cheni mbovu hufa tangu nyumbani, pale inazikwa tu. Na ulanzi si oili."

Anselmi aliangalia kidole chake kilichofungwa. "Mimi nilidhani ukali ndio uzima," alisema. "Miaka kumi na miwili nimeishi hivyo."

"Ndiyo maana hakuna aliyekukataza. Wote walijua wewe ni fundi wa meno."

*

Zipora alimwambia Anselmi asubiri: sproketi ingeondolewa, aende nayo dukani mjini kama mfano.

"Hesabu meno, ya zamani na mpya, yawe sawa. Na hiki kibati kinachoishikilia, kama kimelika, chukua kipya. Sproketi ya nyuma nimeiangalia, meno yake bado manene. Ingekuwa imechongoka, tungebadilisha vyote vitatu kwa pamoja. Cheni mpya juu ya meno mabovu inakufa mapema."

"Na nani atafungua?" Anselmi aliuliza. "Mkono wangu huu..."

Zipora alimnyooshea Asteria spana.

Asteria aliitazama. Ilikuwa baridi, nzito. Aliwahi kuishika mara nyingi, akiiokota uani ili mtoto asiikanyage. Hakuwahi kuishika ili aitumie.

"Mimi?"

"Wewe ndiye hulali kwa ajili yake," Zipora alisema. "Shika."

Kwanza walilegeza bolti mbili za sproketi ya mbele. Cheni ya zamani ilikuwa bado imefungwa. "Ukitoa cheni kwanza, sproketi itazunguka, bolti hutazifungua," Zipora alieleza. "Shemeji, kanyaga breki ya nyuma. Mguu wako mzima, au nao umeunoa?"

Anselmi alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Akakanyaga. Asteria akavuta spana. Bolti haikusogea. Akavuta tena, akapumua, akaweka uzito wake wote. Bolti ikalia kama mlango wa zamani, ikalegea.

Kisha wakalegeza nati kubwa ya ekseli, wakasukuma gurudumu la nyuma mbele kidogo. Wakatafuta pingili ya kuungia, ile yenye kilipu, kibanio kidogo cha chuma. Asteria akaisukuma kilipu kwa plaisi. Ikaruka, ikaangukia kwenye gunia.

"Umeona faida ya gunia," Zipora alisema.

Cheni ya zamani ilitoka, ikalala chini. Asteria aliitazama. Haikuwa nyoka. Ilikuwa chuma kilichochoka.

Wakachomoa sproketi, na Anselmi akaenda nayo mjini kwa bodaboda, amekaa nyuma kama abiria, jambo lililomuuma kuliko kidole. Alirudi na sproketi mpya yenye meno kumi na manne kama ile ya zamani. Meno yake yalikuwa manene, butu, hayavutii macho. Anselmi aliyapitishia kidole gumba mara nyingi.

"Butu kabisa," alinong'ona. "Na ndiyo sahihi."

Waliiweka mahali pake. Walilaza cheni ya zamani na mpya sambamba kwenye gunia, wakahesabu pingili. Idadi ilikuwa sawa. Kisha wakaipitisha cheni mpya juu ya sproketi zote mbili, wakaunga.

"Sasa hapa watu wengi hukosea," Zipora alisema. "Hii kilipu ina upande uliofungwa na upande ulio wazi. Upande uliofungwa uelekee kule cheni inakokwenda. Ukigeuza, jiwe moja tu likigonga, kilipu inafunguka."

Asteria aliigeuza kilipu mbele ya macho yake, akaiweka, akaibana. Akaangalia tena. Akaangalia mara ya tatu.

Anselmi akakanyaga breki, Asteria akakaza bolti za sproketi mpaka mwisho. Wakavuta gurudumu nyuma, taratibu, kwa skrubu za pande zote mbili. Alama za kushoto na kulia zikalingana. Zipora akamwonyesha kupima. Unasukuma cheni ya chini katikati, kwa kidole. Inapanda na kushuka kiasi cha upana wa vidole viwili. Unazungusha gurudumu kwa mkono, unapima tena sehemu nyingine.

"Ikikaza sana?" Asteria aliuliza.

"Inakatika, au inaharibu injini. Ikilegea sana, inatoka. Kitabu cha pikipiki kinasema kipimo chake. Hii ni vidole viwili."

Wakakaza nati ya ekseli, wakaweka pini mpya, wakarekebisha breki ya nyuma. Asteria akadondosha oili safi, tone moja kila pingili, akiizungusha kwa mkono, injini imezimwa. Akafuta iliyozidi. Mwisho kifuniko kikarudi, na kikanyagio cha gia kikakaa kwenye alama ya chaki.

Anselmi aliendesha mpaka kanisani na kurudi. Walipima tena. Cheni ilikuwa vile vile.

Jua lilikuwa limetoka. Asteria alikaa kwenye gunia, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Alisikia usingizi mtamu, kama mtu aliyelima ekari nzima.

*

Ijumaa ukungu ulikuwa mzito. Anselmi aliondoka saa mbili, na Asteria akabaki amesimama njiani. Pikipiki ilipotea kwenye weupe. Sauti yake ilibaki muda mrefu, laini, bila kugonga popote.

Siku hiyo alifanya kazi zote mara mbili. Alifagia uwanja uliofagiliwa. Alichemsha chai, akaisahau, akachemsha nyingine. Mchana kona ilimjia tena, na mikaratusi yake, na ukungu wake. Akafanya jambo jipya. Akaipita kwa mawazo, pingili baada ya pingili. Bolti mbili: nilikaza. Kilipu: upande uliofungwa mbele. Alama: sawa. Nati: nilikaza, na pini niliiweka. Hofu ilikaa naye, lakini ilikaa kama mgeni, haikulala kitandani mwake.

Saa tisa alisikia injini. Akatoka mbio na upawa mkononi.

Jackline alishuka, ana vumbi hadi kwenye kope, amebana begi kifuani. Amerefuka. Asteria alimshika mabega, akamshika mashavu, akamshika mikono yote miwili, akahesabu vidole bila kujua kwamba anahesabu.

"Mlipitaje pale kona?"

"Kona gani, mama?" Jackline alipiga miayo. "Nilisinzia mgongoni kwa baba. Mama, mbona mikono yako myeusi hivyo?"

Asteria aliificha nyuma, kisha akaitoa tena. Anselmi alikuwa tayari amechuchumaa kando ya pikipiki, ametoa ufunguo, anapima cheni kwa vidole viwili.

*

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwako kuna pikipiki, epuka haya:

Usifute wala kupaka oili cheni huku injini inawaka. Zima, toa ufunguo, zungusha gurudumu kwa mkono.

Usishike cheni wala sproketi pikipiki ikiwa na joto au imesimama kwa stendi ya pembeni. Tumia stendi kubwa, mahali pa tambarare.

Usinoe meno ya sproketi kwa tupa. Yakichongoka, badilisha.

Usifunge cheni mpya juu ya sproketi iliyochongoka.

Usikate pingili za cheni iliyorefuka ili uendelee kuitumia.

Usinunue sproketi kwa kukisia. Nenda na ya zamani, hesabu meno.

Usigeuze kilipu. Upande uliofungwa uende mbele.

Usikaze cheni mpaka iwe kama waya wa kuanikia nguo.

Usipake oili chafu. Inashika vumbi, na vumbi linasaga chuma.

Usifunge kidonda cha chuma ukanyamaza nyumbani. Nenda zahanati.

Usimbebe mtoto kwenye pikipiki ambayo cheni yake inapigapiga. Ukiisikia inalia, sema, hata kama anayeendesha ni mume wako, hata kama atanuna mpaka jioni.